Kikomo cha Sauti

"Kusikiliza kwa sauti ya juu kunaweza kudhuru masikio yako."

Ndivyo simu ya mama ilivyoandika kila alipojaribu kuongeza sauti. Mama yangu, aliyesimama miaka ishirini na tisa kando ya mashine ya kusaga nafaka mpaka masikio yakamwishia hapo! Wakati ule hakuna aliyemwonea huruma hata kwa kumpa kitu cha kuzibia. Leo kiwanda cha simu kinajifanya kumjali. Nilipandisha mori.

Mdogo wake, yaani mjomba wangu, alikuwa amelazwa mji wa mbali, ana uvimbe kooni. Jumanne madaktari wangeondoa koromeo. Angepona, lakini asingesema tena maisha yake yote. Jumatatu saa saba mchana angempigia dada yake kwa mara ya mwisho. Sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono, na mama kila simu alikuwa akiitikia tu "Eeh, eeh," kumbe hasikii lolote. Tulijaribu simu yangu, tukajaribu na ya jirani. Wapi!

Mimi ni fundi simu. Nimeajiriwa kwenye duka lenye kibali cha kiwanda, na sare yangu ina nembo yao kifuani. Nilijua spika ya simu ile ina nguvu kuliko inavyoruhusiwa kutumia. Kuiachia, lazima uiruti, yaani uingie hadi ndani kabisa ya mfumo, uwe wewe ndiye mwenye amri na si kiwanda. Dukani kwetu kufanya hivyo ni kumwaga unga. Tangazo lipo ukutani, kwa herufi nyekundu.

Jumatatu asubuhi nilimketisha mama kwenye benchi la wateja. Nikahamisha picha na namba zake kwenye kompyuta, maana ukifungua kufuli la mfumo simu hufuta kila kitu. Nikachomeka waya. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Ninao. Ikaniuliza tena, maswali kama baba mkwe. Nikabonyeza, nikaingia, nikalitafuta faili la sauti, na palipoandikwa kikomo nikapandisha namba. Ilipowaka upya, saa saba ikikaribia, ikatoa onyo kubwa: simu hii si ya kuaminika.

Bosi aliliona onyo hilo akiwa mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Simu ya mama yangu."

"Nimeuliza umeifanya nini."

"Nimeiruti, bosi. Kwa mikono yangu hii."

Akashusha sauti. "Dada, usinitafutie balaa. Kiwanda kikijua, kibali chetu kinaondoka. Irudishe ilivyokuwa sasa hivi, yaishe."

"Nitairudisha mjomba akishamaliza kuongea. Anapiga saa saba."

"Sasa hivi, nimesema. Chagua, hiyo simu au hiyo sare."

Niliivua sare palepale, nikabaki na fulana yenye tundu begani. Nikaikunja vizuri, nikamwekea mezani. Niliogopa, sitadanganya. Kazi ile niliipenda, na sikuwa na nyingine. Lakini kuirudisha, hapana.

Mama alikuwa akitutazama midomo. "Mnagombania nini?"

"Hatugombani, mama!" nilipayuka, kama tunavyopayuka wote nyumbani kwetu miaka nenda miaka rudi.

Simu ikaita. Duka zima likashtuka, mteja mmoja akaangusha chaji. Mama akapokea. Ukatoka ule mnong'ono, mkwaruzo mtupu, lakini mkubwa mpaka vioo vya kaunta vikatetemeka.

"Dada. Unanisikia?"

Mama hakujibu. Midomo ilimcheza tu. Nikajua tumeshindwa, nikainama sikioni kwake nikapiga kelele, "Mama! Mjomba anauliza kama unamsikia!"

Akanisukuma kwa kiwiko.

"Hebu acha kelele wewe," akasema. "Naongea na mdogo wangu."