Kiti cha Pweza Aliyekataa Kutembea

Mwalimu Truphosa alianza kukasirika kabla hata hajaingia darasani. Kiti cha pweza wake, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, alikuwa amelala ndani ya karai la kioo, mikono yote mitano imelegea kama mkate uliochovywa chaini. Jana mnyama huyohuyo alikuwa akipanda ukuta wa karai utadhani ana miadi mahali. Jana! Leo anapotakiwa, hataki. Kuna viumbe wana inda, wallahi.

Na leo haikuwa siku ya mchezo. Mwalimu mkuu, Bwana Mung'aro, alikuwa ameketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi, aamue kama Truphosa atapewa ajira ya kudumu au atafungasha virago arudi kwao Bungoma. Alikwisha kumlalamikia kwamba masomo yake ni chaki tupu. "Nataka wasichana waone uhai, Mwalimu, si michoro," alimwambia. Ndipo Truphosa, mtu wa bara asiyejua hata kuogelea, akavua viatu maji yalipokupwa, akatambaa juu ya miamba yenye utelezi mpaka akampata mnyama wake.

Alianza vizuri. Aliwaeleza wasichana kwamba kiumbe huyu hana kichwa, hana ubongo, wala hana moyo wa kusukuma damu. Kinachozunguka mwilini mwake ni maji ya bahari. Huingia kwa kitundu kilicho mgongoni, hupita katika mirija, hushuka hadi kwenye vijiguu vingi vilivyojipanga chini ya mikono. Maji yakisukumwa kijiguu hurefuka, yakirudi hufupika, na hivyo ndivyo anavyotembea.

"Sasa tazameni," akasema, akamgeuza chali, kwa maana aliye mzima akigeuzwa hivyo hujipindua mwenyewe.

Wakatazama. Wakatazama mpaka wakachoka. Msichana wa mbele, Duaa, akauliza kwa adabu zake zote, "Mwalimu, amelala?" Darasa likaangua kicheko. Truphosa akamgusa mnyama kwa ncha ya kalamu, hakujikunja. Ngozi ilikuwa imeanza kuchunika.

Kengele ilipolia, Bwana Mung'aro alimsubiri mlangoni. "Pole, Mwalimu. Muhula ukiisha tutaachana."

Njia nzima mpaka Kuze, mtaa alikopanga, Truphosa alijitukana. Amekosea wapi? Maji aliyateka baharini palepale, karai aliliweka usiku kucha kivulini, kwenye ngazi za nyumba, pasipopigwa na jua. Hasira zilimjaa na hakuwa na mtu wa kumtupia.

Bi Sabira, mjane aliyempangisha chumba cha juu, alikuwa mlangoni akijaza maji bakuli la paka kwa kopo. Mama huyu hakuweza kuona kiumbe kina kiu akakipita, thawabu yake aliijua. Hata wiki hii, mifereji ikiwa mikavu mtaa mzima na yeye akinunua maji ya mkokoteni, paka na kunguru walikunywa kabla yake.

"Karibu, mwanangu. Yule mgeni wetu amewafurahisha watoto?"

"Amekufa, Bi Sabira."

"Inna lillahi!" Akaliweka kopo chini. "Na mimi nilivyomshughulikia! Jana baada ya magharibi nimempita pale ngazini, yumo ndani ya maji ya chumvi matupu. Nikasema, maskini, kiumbe cha Mungu, kiu itamuua. Nikayamwaga, nikamtilia maji matamu ya kunywa."

Maneno yote Truphosa aliyojitukana nayo njiani sasa yalikuwa yamepata mtu wa kutupiwa, na hakuyazuia.

"Hayo maji ndiyo yaliyomuua! Mwili wake wote unaendeshwa na maji ya bahari, ndiyo damu yake hayo! Umemuua wewe, na kazi yangu imekwenda naye!"

Mtaani watu wawili watatu waligeuka. Bi Sabira alishika mwimo wa mlango, akaketi taratibu kizingitini, akaitazama mikono yake.

"Maji matamu ndiyo sumu yake?" akauliza.

"Ndiyo."

"Alfajiri nimemkuta amelegea," akasema kwa sauti ndogo. "Nikadhani hayajamtosha. Nikamtilia na yale niliyojiwekea ya udhu."