Robota Lililosubiri Sahihi

Jumanne saa nne asubuhi, Mama Utepe alikuwa amefika utepe wa mia mbili na sita, na uzi wa kijani ulikuwa umemkatikia kwa mara ya tatu, marehemu kumi na mmoja walipofuta viatu mlangoni, wakaingia, wakapanga foleni mbele ya cherehani. Wa kwanza alikuwa mdogo wake, koplo, ambaye nyumbani walimwita Redio tangu utotoni kwa sababu hakuna aliyewahi kupata kitufe chake cha kuzimia.

“Shikamoo, Dada.”

“Marahaba. Mmechelewa. Mazishi yenu yalikuwa Jumamosi.”

“Tulikuwepo. Ulilia vizuri, ila gauni lile halikupendezi.”

“Vua shati hilo nilizibe,” alisema Mama Utepe, maana shati lilikuwa na matundu manne kifuani na yeye hajawahi kuvumilia tundu.

Chumba chake kilikuwa stoo ya makao makuu ya Jeshi la Pamoja, na Jeshi la Pamoja lilikuwa majeshi matatu yaliyokusanyika kuwang'oa waasi mjini na kwenye vilima vya jirani. Wakubwa walikuja na ndege, Majirani walikuja na vifaru, na Wenyeji walikuja kwa miguu, kwa kuwa walikuwa kwao. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hawa kila mmoja alikuwa na ramani yake. Kwenye ramani moja daraja lilikuwa nyuma ya soko, kwenye nyingine lilikuwa mbele ya soko, na kwenye ya tatu halikuwepo kabisa. Magwanda yao yalifanana. Waasi nao walikwisha kujipatia magwanda hayohayo, na kwa adabu hakuna aliyeuliza waliyapata wapi. Ndipo ikaamuliwa kila askari avae begani utepe wa rangi, na rangi ibadilishwe kila Alhamisi alfajiri. Aliyeonekana na rangi ya wiki iliyopita hakupigiwa hodi.

Wiki iliyotangulia rangi ilitoka njano ikaenda nyeupe. Jumatano mchana marobota matatu ya tepe nyeupe yalikuwa tayari. Mama Utepe, ambaye mwandiko wake ulisifiwa hata na watu waliomchukia, aliandika mistari mitatu kitabuni kama ilivyokuwa kawaida yake: tarehe, idadi, jeshi. Akabakiza nafasi ya sahihi. Wakubwa walikuja wakasaini. Majirani walikuja wakasaini. Ofisa wa Wenyeji hakuja. Alikuwa kikaoni, mlango wa tatu kutoka hapo, ambako majeshi matatu yalikuwa yanabishana kwa siku ya pili bendera ya nani itangulie kuingia mjini, mji ukishakombolewa.

Dereva wa Majirani, mtu mpole mwenye mwanya, aliliona robota lililobaki.

“Mama, nipe niwapelekee. Kambi yao naipita.”

“Bila sahihi halitoki, baba.”

“Hata kwa jamaa zako?”

“Hasa kwa jamaa zangu. Watasema napendelea.”

Dereva alicheka, akaenda zake. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Majirani waliona watu kumi na mmoja wenye tepe za njano wakivuka daraja ambalo kwenye ramani yao halikuwepo. Walikuwa na risasi za kutosha.

Ripoti ilitoka Ijumaa, fupi, yenye sahihi tatu. Ilisema marehemu walikaidi amri ya kuvaa utepe mweupe. Barua ya maneno hayohayo ilimfikia mke wa Redio, na kesho yake wake wa askari wengine wakaacha kumsalimia bombani. Mama Utepe alimshika mkono wifi yake mazishini, akampa pole kama watu wengine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Ya kwake hayakungoja ukoo ukue. Yalikaa chini ya meza yamefungwa kamba, na kila alipokanyaga cherehani goti lake liliyagusa.

“Tumekuja kuchukua robota letu,” alisema Redio.

“Bila sahi...” alianza Mama Utepe kwa mazoea.

“Luteni tunaye, naye ni ofisa wa Wenyeji.”

Foleni ikapisha. Luteni alikuwa mtu mrefu mwenye haya, na kola yake ilikuwa imechanika upande mmoja. Alichukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, akaipulizia ncha, akasaini kwenye nafasi iliyokuwa wazi. Wino ulishika vizuri. Wakafungana tepe nyeupe mabegani, mmoja akimsaidia mwenzake, kama watu wanaokwenda harusini. Redio alilitazama shati lake lililozibwa.

“Mishono mikubwa siku hizi. Umri huo, Dada.”

“Wewe nyamaza, umri wako umeishia hapo.”

Wote kumi na mmoja wakacheka, na Mama Utepe akacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Halafu akavaa viatu vyake vya kutokea.

“Twendeni kwa Kanali,” alisema. “Akijua tepe zilikuwa huku muda wote, barua itabadilishwa. Wifi ataweza kwenda bombani.”

Karani wa mapokezi aliwatazama juu ya miwani.

“Hawa marehemu wana miadi?”

“Hawana.”

“Basi wangoje.”

Benchi lilikuwa la watu wanne. Waliobaki walisimama mpaka saa saba.

Ofisi ya Kanali ilishikwa kwa zamu, na wiki hiyo zamu ilikuwa ya Wenyeji. Kanali alimtambua Luteni, akampa pole. Luteni alishukuru. Mama Utepe alikiweka kitabu mezani.

“Afande, robota la Wenyeji lilikuwa chini ya meza yangu. Mimi ndiye niliyekataa kulitoa. Hawakukaidi, hawakupewa.”

Kanali alifungua ukurasa, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Sahihi hii ya nani?”

“Yangu, afande,” alisema Luteni, ambaye hakuwahi kusema uongo na hakuona sababu ya kuanza sasa.

“Na tarehe?”

“Ni mimi niliyeiandika,” alisema Mama Utepe. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. “Ni ya Jumatano.”

“Kwa hiyo Jumatano walipokea.”

“Amesaini leo, afande! Asubuhi hii, mbele ya macho yangu!”

“Fundi,” alisema Kanali, kwa upole wa mtu mwenye kikao kingine, “unataka niwaandikie wenzangu kwamba ofisa wangu amesaini akiwa amekwisha kuzikwa?”

“Ndivyo ilivyokuwa.”

“Najua ndivyo ilivyokuwa. Si hawa hapa? Lakini kutoa neno moja kwenye ripoti kunataka sahihi tatu. Majirani hawatasaini kwamba walipiga wenzao. Wakubwa hawatasaini kwamba ramani waliyowapa Majirani haina daraja. Mimi nami sitasaini kwamba tuliwatuma watu huku tunagombania bendera. Mpaka asubuhi ya leo kilichokosekana kwenye ripoti hii kilikuwa ushahidi tu.” Akachukua mhuri, akaupiga kwenye ukurasa ule. “Sasa umeniletea.”

Akawashukuru marehemu kwa kufika, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao.

Walirudi stoo. Kwa ukumbi mzima Redio alikuwa amezimika, na dada yake, aliyemwambia anyamaze kwa miaka thelathini, angetoa cherehani yake ili aongee. Mlangoni ndipo alipomgusa kiwiko.

“Usijali, Dada. Mwandiko ni mzuri.”

Alasiri Mama Utepe alikwenda kwa wifi yake, akamweleza yote: dereva, robota, tarehe. Wifi alikuwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi.

“Ameshaniambia,” alisema. “Kila siku anafika saa za chakula. Haonji, ila kuongea haachi.”

“Basi unajua hakukaidi.”

“Mimi najua, wifi. Barua ndiyo haijui.”

Mji ulikombolewa wiki iliyofuata, mara tatu kwa siku moja, kila bendera na mpiga picha wake. Waasi walihamia vilimani, na operesheni ikaanza upya na ramani zilezile.

Siku hizi Mama Utepe haandiki tarehe kabla ya sahihi. Kila wiki hushona tepe kumi na moja za ziada, za rangi itakayofuata, na kila Jumanne saa nne marehemu huja kuzichukua. Huwakagua mabega kabla hawajaondoka. Katika Jeshi la Pamoja lote hakuna kikosi kinachovaa rangi sahihi mapema kama hicho, na karani wa mapokezi ameliona hilo na kulisema, ila si kwa maandishi.

Redio hupenda kuwa wa mwisho. Hunyoosha bega lake, dada yake akaupiga utepe viganja viwili.

“Umekaa sawa?”

“Umekaa sawa.”