Umeme Hauchoki

Shemeji yangu ndiye aliyesukuma mivukuta ya kupuliza upepo kwenye kinanda cha mabomba kanisani kwetu, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya aonekane mtu. Mpiga kinanda alipozidisha beti, shemeji aliachia mpini, upepo ukakatika. "Nimechoka, mama," alisema, nasi tukaitika amina.

Kamati ikakijenga upya kinanda na kukifungia mota ya kusukuma mivukuta. Shemeji akapewa makofi na kiti cha nyuma. "Umeme hauchoki," mwenyekiti alijigamba.

Kweli haukuchoka. Jumapili iliyofuata wimbo wa mwisho ulipigwa hadi watoto wakasinzia, na mchungaji, aliyekwisha kuinua mikono atoe baraka, akaishusha mmoja baada ya mwingine. Swichi ya mota ilionekana wazi ukutani, lakini mpiga kinanda ni mama mkwe wa mwenyekiti, nani angethubutu?

Mwenyekiti akamwinamia shemeji. "Kaka, tuokoe."

"Mimi si mmenistaafisha?"

"Kuanzia leo wewe ni Msimamizi wa Umeme."

Shemeji akaenda taratibu, akazima swichi. Mama mkwe akageuka, macho makali.

"Umeme umechoka, mama," shemeji akasema kwa upole.

Tukaitika amina.