Mhojiwa wa Saba

Alhamisi asubuhi Daktari alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine ya kunakili ya Idara ya Siasa, mkono umezama ndani hadi kiwikoni akitafuta karatasi iliyokwama, shangazi yake alipoingia na kumwambia kwamba amepoteza jina.

"Shikamoo, shangazi," alisema bila kuutoa mkono.

"Marahaba. Nimeamka, halipo."

"Umeangalia kwenye kitambulisho?"

"Ningekuja huku kote bila kuangalia?"

Alimpa kitambulisho. Picha ilikuwa ile ile, ya mwanamke aliyeambiwa asicheke. Mahali pa jina paliandikwa, kwa herufi za serikali, *Mhojiwa wa Saba*. Daktari alikisoma, akakigeuza, akakirudisha.

"Basi makala imetoka," akasema.

Daktari ni jina alilopewa na ukoo baada ya kupata shahada ya uzamivu. Mwanzoni walimletea magoti yanayouma na watoto wenye homa, naye akawaeleza kwamba yeye ni daktari wa siasa. Waliondoka wakimwonea huruma. Utaalamu wake ulikuwa ushiriki wa wananchi katika maamuzi. Kwa miaka mingi aliandika jinsi wananchi wasivyoshirikishwa, na katika kuandika huko hakuwahi kumshirikisha mwananchi hata mmoja, maana wangemchelewesha.

Ilipotangazwa kwamba mtaa wa nyuma ya karakana ya reli utabomolewa kupisha barabara, wenzake walisema pole, shangazi yako si anaishi kule? Yeye aliona mada. Alipita nyumba kwa nyumba na kinasa sauti, shangazi akimtangulia na kuwaambia majirani, "Mjibuni tu. Ni mtoto wa kaka yangu. Anasomea siasa lakini hana madhara." Wakamjibu. Kanuni za maadili ya utafiti zilitaka watu hao walindwe kwa kufichwa majina, naye akayaficha kwa bidii. Fundi cherehani akawa Mhojiwa wa Nne, muuza mkaa akawa wa Tano, shangazi wa Saba. Sasa jarida la ng'ambo lilikuwa limeichapisha makala, jarida kubwa linalosomwa na watu wachache, na majina yalikuwa yamefichika kabisa.

"Ulisema utayaficha," alisema shangazi. "Hukusema wapi."

"Na wengine?"

"Mtaa mzima. Mke wa fundi sasa anamwita mumewe 'wewe'. Lakini yule hata zamani alimwita hivyo hivyo."

Lisingekuwa jambo kubwa kama si viwanja. Watakaobomolewa waliahidiwa viwanja upande wa pili wa mji, na vingegawiwa hadharani Jumatano iliyofuata, kwa kuitwa majina. Asiyeitika angehesabiwa hayupo.

Daktari alitoa mkono kwenye mashine, akakaa sakafuni, akajaribu kulikumbuka jina la shangazi yake. Alipekua kichwa chote. Alikuta miaka ya mapinduzi, nadharia tatu za dola zinazopingana, na jina la mbwa wa jirani wa utotoni. La shangazi hakulikuta. Tangu alipojua kusema alikuwa akimwita Shangazi, na baba yake, ambaye angeweza kumwita dada yake kwa jina, alishatangulia mbele ya haki.

Wakaenda kwa Mkuu wa Idara, mama mmoja mpole aliyezoea kuzungumza kama anayesoma kumbukumbu za kikao. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Hongera," akamwambia Daktari. "Wengi wanaficha juu juu tu."

"Tunaomba yarudishwe, Mkuu."

"Kamati ya maadili haitakubali. Mhojiwa akijulikana tutakuwa tumevunja kanuni."

"Lakini mhojiwa ndiye anayetaka kujulikana."

"Ndiyo maana tunamlinda." Kisha akamtazama shangazi kwa furaha ya mtu aliyeona projekta ya idara imewaka yenyewe. "Mama, Ijumaa tuna mjadala wa wazi. Utaweza kuja?"

Mjadala uliitwa Sauti ya Asiye na Sauti. Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi wazungumzaji wanne nyuma ya chupa za maji, na profesa mgeni alianza kwa sababu alikuwa na ndege ya kuwahi. Alieleza dhana ya sauti, kisha dhana ya dhana, akapigiwa makofi. Wanafunzi wa mwaka wa pili walivaa fulana zenye maneno ya Mhojiwa wa Saba: *Tuliitwa kusikiliza, hatukuitwa kusema.* Shangazi aliyasoma maneno yake kwenye kifua cha mwanafunzi aliyekalia kiti cha mwisho, akamwomba ampishe aketi. Mwanafunzi alimwambia kwamba viti ni vya waalikwa.

Akasimama basi, mpaka zamu ya wananchi ilipofika.

"Naitwa Mhojiwa wa Saba," alisema kwenye kipaza sauti, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Alingoja wanyamaze. "Sikuja kupigiwa makofi. Nataka jina langu, Jumatano wanagawa viwanja. Barabara jengeni tu, mimi nimeshachoka kugombana na barabara. Jina nipeni."

Profesa mgeni alipekua nakala yake. "Samahani, mama. Kwenye ukurasa wa kumi na mbili Mhojiwa wa Saba anaipinga barabara kwa nguvu zote."

"Huyo si mimi?"

"Ndiyo. Ila yeye ameeleza vizuri zaidi."

Wengi waliandika hilo. Ndipo fundi cherehani, aliyekuwa ameegemea mlango na futi yake shingoni, akauliza kwa sauti, bila kipaza sauti, "Kwani makala haifutiki? Si mwenyewe yupo hapo? Aifute, tuitwe majina yetu, twende nyumbani."

Ukumbi ukamgeukia Daktari. Alikishika kipaza sauti. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa la neno moja, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini jalada la kupandishwa cheo lilikuwa mezani kwa Makamu Mkuu wa Chuo, na makala hiyo ndiyo iliyokuwa juu. Akajikuta akisema, "Hilo ni swali zuri sana." Akaendelea kidogo kuhusu ugumu wa swali lenyewe, akamaliza kwa kusema utafiti zaidi unahitajika. Makofi yalikuwa ya wastani. Shangazi hakupiga. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama zamani, Daktari akiwa mtoto, alipokuwa akidai ameshanawa mikono.

Jumapili aliandika kwa jarida kuomba makala ifutwe. Walimjibu upesi kwamba ombi lake limepelekwa kwa wahakiki. Mhakiki wa kwanza aliliona la kuvutia. Wa pili alisema halina msingi wa kutosha wa kinadharia, alipanue.

Jumatano watu wa mtaa walikusanyika kwenye uwanja wa shule. Ofisa wa ardhi alipanda juu ya meza na kuanza kuita. Jina la kwanza lilipita juu ya vichwa vya watu kama ndege anayekwenda zake. Walitazamana. Lilikuwa jina zuri, kila mmoja alikubali, ila mwenyewe hakuonekana. Fundi cherehani alinyoosha mkono kwa kila jina la kiume, isije ikawa ni lake, mpaka ofisa akamkanya achague moja au anyamaze.

Shangazi alikaa wima kwenye ngazi za darasa, Daktari kando yake. Katikati ya orodha liliitwa jina moja la kike. Shangazi akagusa kilemba.

"Huyo mama," akasema taratibu, "kama nilishawahi kuishi naye."

"Itika, shangazi!"

"Niitikie mtu mwingine? Akija mwenyewe je?"

Daktari naye alihisi kitu, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba ya kwao ukifunguliwa mbali, kisha ukafungwa. Ofisa alingoja, akalirudia jina mara moja, akapita. Alipomaliza mtaa wote bila kuitikiwa, alifunua orodha nyingine. Hiyo ilikuwa ya watu waliosimama pembeni kwenye kivuli, viatu vinang'aa, ambao hakuna aliyewahi kuwaona mtaani. Hao walikuwa na majina kamili, matatu matatu, na kila mmoja aliitika "Nipo!" kabla jina lake halijaisha.

Tingatinga zilifika juma lililofuata. Nyumba ya shangazi ilianguka upande wa jikoni kwanza. Alihamia kwa Daktari na godoro lake, masufuria na mlango wa mbele, alioung'oa mapema kwa sababu ulikuwa wa mbao nzuri. Muuza mkaa alikwenda kwa mkwewe. Fundi aliweka cherehani chini ya daraja la barabara mpya na kuandika ubaoni *Fundi*, na wateja waliona inatosha. Makala ilipata tuzo. Daktari akawa Profesa Mshiriki, jambo ambalo ukoo haukulielewa, wakaanza tena kumletea magoti.

Jumapili alasiri huketi jikoni na shangazi yake wakichambua mchele, naye humtajia majina ya wanawake, moja baada ya jingine, kila analolijua na kila alilolisikia njiani.

"Zuri," husema shangazi. "Si langu."

"Chukua tu mojawapo. Hakuna atakayejua."

"Nguo ya kuazima haistiri matako, mwanangu, sembuse jina."

Jumapili moja majina yalimwishia. Alitoa chuya mbili tatu, kisha, bila kufikiri, ili tu pasiwe kimya, akalitaja lake mwenyewe.

Shangazi aliinua kichwa.

"Hilo nalijua," alisema. "Nilikupa mimi. Mama yako alitaka jingine, nikakataa."

Akautikisa ungo, akapuliza pumba, akamwambia aangalie sufuria, maji yalikuwa yanachemka.