Kilichowaokoa Waanzilishi wa Kinamasini

Mwaka 1996, wazee wa kanisa walimpa Nerima, mpiga chapa wa Wandegeya, kazi ya kuandika kisa cha kweli cha waanzilishi wao, familia sita zilizotoka Kenya miaka arobaini nyuma kuja kufyatua matofali katika kinamasi karibu na Kasubi.

Mzee Wangila, pekee aliyebaki kati ya wanaume wale, alimsimulia akiwa amefumba macho kama anayeombewa. Mvua ilibeba matofali yote. Tajiri wao akatoroka. Kisha homa ikaingia.

"Siku arobaini, binti yangu, tulikula mizizi na maombi."

Nerima aliandika, ila zile siku arobaini zilimtia shaka. Hata Musa kule mlimani hakuwa na watoto wa kulisha. Akaenda kwa Mama Adero, mjane wa mmoja wa wanaume wale.

"Mizizi?" Adero alicheka mpaka akashika mbavu. "Wangila hatofautishi muhogo na kijiti! Tulipika waragi, mwanangu, ile pombe kali, sisi wanawake, mle kwenye matete. Wateja wa kwanza walikuwa askari waliokuja kutukamata."

Kisha kicheko kikamwishia. "Mwanangu wa pili alikufa kabla pipa la kwanza halijachemka. Pipa lile ndilo lililonunua dawa ya watoto kumi na mmoja. Wote walipona. Mmoja ndiye mchungaji wenu."

Nerima alirudi kwa Wangila, akamsomea sura nzima aliyoiandika.

"Hapo penye waragi, andika dawa ya kifua," mzee akaagiza.

"Mzee, watu walilewa."

"Na vifua vikapona!"

"Nitaandika waragi. Na mtoto aliyekufa."

"Aliitwa Ochola," Wangila akasema. "Kaburi nililichimba mimi, halafu pipa lilipochemka nikalewa siku tatu. Liandike na hilo. Lakini usiseme wanawake walipika peke yao. Kuni nilipasua mimi."

Siku ya kuzindua kitabu, mchungaji, ambaye kila Jumapili huwapeleka walevi jehanamu, aliisoma sura ile mbele ya watu. Hakuwa ameipitia kabla. Alipofika kwenye watoto kumi na mmoja, akajikuta miongoni mwao, akafunga kitabu. Akashuka madhabahuni, akampigia Adero magoti.

"Inuka," Adero akamwambia, akimfuta machozi kwa leso. "Utachafua suruali. Na mahubiri yako ya walevi, kuanzia leo punguza."