Mteja wa Mashine Mia Mbili

Jentrix Nasike huwaambia wapangaji wenzake pale Kitengela kwamba yeye, kwa simu moja tu, aliipigisha magoti kampuni kubwa ya kompyuta. Akishaona macho yamewatoka, anaongeza mwenyewe: kompyuta hajui hata inawashiwa wapi, na siku hiyo magoti yaliyotetemeka zaidi yalikuwa yake.

Alikuwa mpishi mkuu wa chuo kikuu kidogo kando ya barabara ya Namanga, chuo chenye jina refu kuliko ua wake. Soipan, binti wa mzee Parmuat wa Kisaju, alifundisha kompyuta hapo, na alimwita Jentrix kokoo, kama anavyomwita nyanya yake mzaa mama. Alikuwa ametengeneza programu ya kujumlisha alama za mtihani, na shule nyingi za Kajiado zikaitumia bure. Kampuni moja kubwa ya Nairobi, inayouza kompyuta na programu zake, ikamshtaki. Haikusema ameiba. Ilisema vitufe vyake vimepangwa upande wa kushoto kama vya kwao, na skrini yake imefanana na yao. Akishindwa, programu inazimwa, na fidia inakula ng'ombe wote wa baba yake.

"Sasa dume langu likiwa na doa usoni, na la jirani pia liko na doa," Parmuat aliuliza, "nimpeleke kortini?"

Mkuu wa chuo, Daktari Wanyonyi, mtu mwaminifu hadi anachosha, akaandika barua: chuo hakitanunua chochote kwa kampuni hiyo mpaka kesi iondolewe. Vyuo vingine vikaisifu barua kwa maneno matamu, vikaendelea kununua. Kampuni haikujibu. Wiki tatu zikapita, zikabaki siku nne kesi isikizwe.

"Kwani Daktari alitaka kununua kompyuta ngapi?" Jentrix akamuuliza Soipan.

"Kumi na mbili, kokoo."

"Woi! Na akawaandikia hivyo?"

"Hapana. Hakutaja."

"Afadhali. Basi bado yuko na akili kidogo."

Jentrix alikuwa amenunua nyanya soko la Kitengela miaka ishirini na mitatu. Alijua mteja hana nguvu akisimama pale kulilia bei. Nguvu zake ziko mgongoni, anapoondoka polepole bila kugeuka, na muuzaji hajui kikapu kingejazwa kiasi gani. Daktari aliondoka vizuri. Shida ni kwamba hakuonyesha kikapu.

Akaipigia kampuni simu kwa ile sauti anayoiweka kwa ajili ya askofu. "Hapa ni idara ya manunuzi, chuo cha Daktari Wanyonyi, yule aliyewaandikia barua. Tulikuwa tunataka mashine mia mbili. Lakini msijisumbue, tumepata watu wengine." Akakata. Kabla chai haijachemka wakampigia: kesi wataiondoa kesho.

Kesho yake, saa nne, akafika meneja wao, Muturi, tai shingoni na meno yote nje. "Mama, yameisha. Nimepitia korti ya Kajiado asubuhi hii, nikaweka karatasi."

Jentrix, anayewajua wauzaji, alikuwa amemtuma Soipan akaketi kwenye benchi ya korti hiyo tangu mlango ufunguliwe. Akampigia.

"Kokoo, hapa hakuja mtu wa kampuni. Kumepita mbuzi tu."

"Bwana Muturi," Jentrix akasema, "labda ulipitia Kajiado ukiwa umelala. Sisi tunangoja muhuri. Na wale wengine wako getini." Getini palikuwa na muuza mahindi. Muturi akageuza gari kuelekea Kajiado.

Saa saba Soipan akatuma picha: karatasi, sahihi, muhuri. Kesi imeondolewa, na kampuni imeandika kwamba haitairudisha. Jentrix akaketi juu ya gunia la maharagwe akalia kidogo. Ndipo akakumbuka Muturi anarudi kutafuta oda yake ya mia mbili.

Alirudi saa nane, akataka kuona chumba cha kuwekea mashine. Jentrix akamwongoza kwa heshima zote hadi bwalo la chakula.

"Mia mbili zitakaa hapa?"

"Na nafasi ya kupumua itabaki."

"Na hizi sufuria?"

"Za mafundi. Hao watu wanakula!"

"Soketi ni moja, mama."

"Hiyo ni ya kwanza. Zingine zinakuja."

Mlango ukafunguka, Daktari Wanyonyi akaingia na sahani mkononi, amechelewa chakula cha mchana. Alipomwona mgeni uso ukamng'aa.

"Bwana Muturi! Soipan amenipigia. Mungu awabariki. Nami sirudi nyuma, zile mashine kumi na mbili tutazinunua kwenu."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili. Hatujawahi kutaka zaidi."

Muturi akageuka polepole. "Mama, si idara yako ya manunuzi ilisema mia mbili?"

"Idara gani?" Daktari akashangaa. "Huyu ni mpishi wetu."