Vibao vya Mzee Anselmo

Pale karakana ya Keko kulikuwa na kelele, acha kabisa. Si za misumeno, hizo mtu anazizoea. Midomo! Mafundi wale walibishana tangu geti linafunguliwa mpaka linafungwa: mpira, siasa, mninga upi mkavu na upi mbichi, nani kamaliza gundi ya mwenzake. Bingwa wao alikuwa Mfaume. Huyo angeweza kukubishia jina la mama yako mzazi, ukarudi nyumbani una wasiwasi.

Felicitas, mtunza stoo, alikuwa amezizoea. Alifika pale binti mdogo kutoka Bukoba, hajui patasi wala randa, na aliyempokea ni fundi mkuu, Mzee Anselmo wa Masasi. Mzee ndiye aliyemwombea kazi, akampeleka nyumbani kwa mkewe, Mama Eufrazia, na binti akakaa nao kama mtoto wao mpaka alipopata chumba chake. Basi kila asubuhi, kabla hajafungua stoo, Felicitas alipita kwanza kwenye benchi la mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Siku akipitiliza, mzee alimfuata mwenyewe hadi mlangoni. "Wee Feli, leo shikamoo yangu umeisahau nyumbani?" Na karakana nzima ikaangua kicheko.

Mwenye karakana akafariki, akashika mwanawe, Lusungu. Si kijana mbaya, msinielewe vibaya. Alisalimia watu, hakufokea mtu, aliongea polepole. Mie hao wanaoongea polepole ndio wananitishaga.

Huyo Lusungu akampeleka Felicitas semina, kwenye hoteli moja ya ufukweni Kunduchi. Mada: kusimamia mabadiliko kazini. "Wewe sista ndiye wanayekusikiliza," alimwambia. Felicitas alifurahi, kwa nini asifurahi? Maisha yake yote alikuwa akihesabu misumari, leo anaitwa kwa jina kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja wa sauti nzito, Asifiwe, asiye na habari na maikrofoni.

"Watu hawaogopi mabadiliko," alisema Asifiwe. "Wanaogopa kufichwa. Waambieni mapema, na waacheni wabishe. Wakibisha, shukuruni, bado wako na nyie. Wakinyamaza, ndugu zangu, hapo mjue mmeshawapoteza."

Felicitas aliyapenda sana maneno hayo. Masikini, hayakufika hata Mwenge.

Maana jioni ya kufunga semina Lusungu alimpa lifti, na foleni ilipowashika Mwenge akamweleza jambo lenyewe. Kuna mashine inakuja, inaendeshwa kwa kompyuta, inachonga maua yenyewe. Inachohitaji ni michoro. Na michoro yote ya karakana, ile iliyowafanya watu watoke hata Goba kuja kuagiza vitanda Keko, ilikuwa kwenye vibao vya Mzee Anselmo, vipande vya plaiwudi alivyovikata kwa mkono wake miaka yote na kuvitundika juu ya benchi lake.

"Tukishavipata, mafundi wengi tutawaaga," Lusungu alisema. "Na mzee pia. Umri umeenda. Lakini kwanza tuvipate. Kwa sasa waambie tunaboresha."

"Mzee ndiye aliyenileta hapa, bosi."

"Ndiyo maana atakupa wewe." Akawasha indiketa. "Na wewe usiogope. Stoo itahitaji mtu."

Felicitas aliufikiria msingi wa nyumba yake kule Goba, matofali yanaota majani. Alifikiria kurudi kutafuta kazi kwa umri ule. Akasema, "Sawa bosi." Hakuna aliyemshikia kisu.

Mabadiliko yakaanza, madogo madogo. Kuta zikapakwa rangi ya kijivu. Mlinzi wa zamani akaondoka, wakaja wengine wenye sare, wasiojua jina la mtu. Kikaitishwa kikao, Felicitas akasimama mbele na kusema tunaboresha, ndugu zangu, mashine itawasaidia.

"Itatusaidia kuondoka?" Mfaume akauliza.

Watu walicheka, na Felicitas akacheka nao, akaacha swali likapita. Mfaume alimtazama bila kucheka. Kisha akaketi.

Kuanzia hapo kelele zikaanza kupungua. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na matusi. Redio ilikuwa ikiwaka lakini hakuna aliyebishana nayo. Kundi lao la WhatsApp likalala kimya, na Felicitas akajua fika wamefungua jingine bila yeye. Mchana kwa mama ntilie alipokaribia sinia, watu walisogea pembeni haraka mno, wakamwachia nafasi ya watu wawili. "Karibu madam," wakasema. Madam! Watu aliokula nao ukoko. Alikula matonge mawili, akanawa.

Alimwambia Lusungu, "Bosi, wamenyamaza."

"Safi sana," Lusungu akajibu. "Wameelewa."

Felicitas aliyakumbuka maneno ya yule mama wa Kunduchi, akarudi stoo kuhesabu misumari.

Ndipo akatumwa vibao. Alimkuta mzee akipiga msasa mguu wa kiti. Akamsalimia, akaitikiwa, akamweleza kwamba kampuni inaviomba ili viingizwe kwenye kompyuta. Mzee aliweka msasa chini.

"Feli, mwanangu. Mie kompyuta siijui. Nakujua wewe. Vikishatoka hapa, sie tunabaki?"

Hapo ndipo, jamani. Neno alikuwa nalo mdomoni. Angesema tu, "Baba, usitoe." Maneno mawili tu! Mafundi walikuwa wamesimamisha kazi, Mfaume kashikilia nyundo hewani. Nyuma ya kioo cha ofisi Lusungu alikuwa akiangalia.

"Mnabaki, baba."

Mzee akapanda kwenye stuli, akavishusha mwenyewe kimoja kimoja, akavifuta vumbi kwa kiganja. Cha mwisho kilikuwa na ua kubwa lenye jani moja lililokatika. "Hili nililichora kwa kitanda cha mama yako Eufrazia. Hapa patasi iliniteleza, nikaacha hivyo hivyo, mwenyewe alilipenda." Akampa. Halafu akawageukia wenzake. "Mwanangu kasema tunabaki. Tulieni, tufanye kazi."

Wakatulia. Kwa neno la mzee.

Felicitas alijiapiza atamwambia Ijumaa. Ijumaa mzee alikuwa na mafua. Akasema basi nitakwenda nyumbani kwao Jumapili, baada ya misa. Jumapili akafua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Siku zikaenda hivyo, na mashine ikafika, ikafungwa, ikawashwa. Ubao wa kwanza ulipotoka Lusungu alipiga makofi. Felicitas alisogea kuutazama. Ua la Mama Eufrazia lilikuwepo, na lile jani lililokatika, limekatika palepale. Alikwenda stoo akajifungia, akalia.

Jumatatu iliyofuata aliwakuta mafundi nje ya geti. Wote. Geti limefungwa, mifuko yao ya vifaa imepangwa ukutani kama taka za kusubiri gari. Mlinzi alipomwona Felicitas akafungua kimlango kidogo.

"Karibu madam. Wewe unaingia."

Ilimbidi apite katikati yao. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alitamani kutukanwa, wallahi, mtu amrushie hata kandambili. Hakuna aliyemgusa. Mfaume, yule Mfaume, alivuta mguu wake kumpisha.

Na kwenye kimlango alisimama Mzee Anselmo. Felicitas alijua la kusema, ni lile lile la kila asubuhi, lakini mlinzi alikuwa akimhimiza, "Pita madam, bosi anakusubiri," na macho ya Felicitas yalikuwa kwenye kile kimlango, aingie tu, aingie, yaishe.

Mzee alivua kofia yake. Akainamisha kichwa kile chenye mvi, polepole, kama mtoto mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Na Felicitas, kwa kiherehere cha kupita, mguu mmoja tayari uko ndani, akajibu.

"Marahaba."

Alilisikia likimtoka. Alitaka kulirudisha, akageuka, lakini mzee alikuwa ameshavaa kofia yake na kuinama kuchukua mfuko wake wa vifaa. Mafundi wote walikuwa wamesikia, na hakuna aliyebisha.